Kina cha Boksi: Nyaya, Kuta na Umeme katika Nyanda za Juu za Buha

Nyuma ya kila swichi na kila soketi iliyofungwa ukutani kuna kikasha kidogo cha bati au cha plastiki, ambacho mafundi wa Kasulu na Kibondo, kama wenzao wa Tanzania nzima, hukiita boksi. Kikasha hicho kinakishika kifaa kilicho mbele yake kisilegee, na pia kinazingira maungio ya nyaya ili cheche au joto likitokea lisifikie mbao, dari wala mkono wa mtu. Boksi likiwa dogo kuliko vitu vilivyosukumizwa ndani yake, nyaya hukunjwa kwa nguvu, ganda lake hukwaruzwa na ncha za bati, skrubu zinazobana waya hulegea taratibu, na kikasha kilichowekwa ili kuzuia moto hugeuka mahali unapoanzia. Historia ya boksi hilo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma ni fupi ikilinganishwa na ile ya pwani, lakini inaeleza jambo ambalo historia za umeme, zinazopenda kuhesabu megawati na kilomita za nguzo, huliacha kando, nalo ni nafasi ambayo watu waliuachia umeme ndani ya kuta zao na sababu ya kuuachia kidogo.

Buha, yaani nchi ya Waha, iligawanyika zamani katika tawala kadhaa, kila moja chini ya mwami wake, Heru ikiwa upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo. Nyumba za asili zilikuwa misonge ya fito na nyasi, ambayo paa lake na ukuta wake vilikuwa kitu kimoja kuanzia kileleni hadi chini, kwa hiyo hata kama umeme ungefika mapema usingekuta ukuta wa kufukiwa. Nao haukufika mapema. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na umeme wa biashara ukaifuata reli hiyo: mwaka 1931, serikali ya Waingereza ilipokabidhi shughuli za umeme kwa kampuni mbili binafsi, ile iliyoitwa DARESCO ilichukua Dar es Salaam pamoja na miji ya reli ya Dodoma, Tabora na Kigoma, na ile iliyoitwa TANESCO ikachukua ukanda wa Tanga na maporomoko ya mto Pangani. Kutoka bandari ya Kigoma kupanda hadi Kasulu ni mwendo wa takriban kilomita 100, na umeme wa kampuni haukuufanya mwendo huo kwa muda wote wa ukoloni.

Hata hivyo Waha wenyewe waliufuata umeme ulikokuwa, ingawa si kwa ajili yake. Buha ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa manamba wengi, yaani vibarua wa mkataba waliopelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na mashamba hayo ndiyo yaliyokuwa wateja wakubwa wa umeme wa Pangani. Ni haki kudhani kwamba wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo wa kizazi hicho waliiona taa ya umeme kwa mara ya kwanza katika korona, kama kilivyoitwa kiwanda cha kuchakata mkonge, wakarudi nyumbani kwenye koroboi, na pengo hilo kati ya walichokiona na walichokuwa nacho likadumu kwa zaidi ya vizazi viwili.

Kanuni za ufundi zilizokuja Tanganyika zilikuwa za Uingereza. Jumuiya ya wahandisi wa simu za maandishi na umeme ya London ilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1882, na jina lake lenyewe lilitaja kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme, jambo linaloonyesha kwamba moto ulikuwa hofu ya kwanza ya ufundi huu tangu mwanzo. Nyaya za wakati huo zilivikwa mpira na nyuzi za pamba, zikapitishwa ndani ya mifereji ya mbao iliyopigiliwa juu ya ukuta, na swichi ya kauri ilifungwa juu ya kigogo cha mbao cha duara, ambacho ndicho babu wa boksi la leo. Soketi za pini za duara za ampea 5 na 15 ziliwekewa kiwango mwaka 1934, na soketi ya pini bapa ya ampea 13, inayotumika Tanzania hadi sasa, mwaka 1947. Mbao zilipoacha kutumika na nyaya kuanza kufukiwa ndani ya mabomba, kikasha cha bati kilichukua nafasi ya kigogo, na kiwango cha Uingereza cha mwaka 1970 kikaweka vipimo vyake: uso wa mraba unaolingana na kifaa, na vina vinne, yaani milimita 16, 25, 35 na 47.

Vina hivyo vinne vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kanuni za Uingereza ziliweka vipimo vya boksi bila kuweka hesabu ya nyaya zinazopaswa kuingia ndani yake. Kwa mabomba yapo majedwali ya kumwambia fundi ni nyaya ngapi zinapita katika bomba la milimita 20 au 25, na kwa mifereji mipana ipo kanuni kwamba nyaya zisijaze zaidi ya asilimia 45 ya nafasi, lakini kwa boksi la swichi au la soketi fundi ameachiwa maneno ya jumla kuhusu kutobana na kutoharibu ganda la waya, mengine akayapime kwa jicho lake na kwa maelekezo ya mtengenezaji wa kifaa. Marekani ilikwenda njia nyingine. Kanuni zake, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1897, zilifikia kuhesabu ujazo: kila waya unaoingia hupewa sehemu yake ya nafasi kulingana na unene wake, nyaya zote za ethi, yaani zile zinazopeleka umeme uliopotea ardhini, huhesabiwa kwa kawaida kama waya mmoja, na swichi au soketi yenyewe huhesabiwa kama nyaya mbili, jumla ikizidi ujazo uliogongwa muhuri kwenye boksi, boksi hilo halifai.

Hesabu hiyo ikiletwa kwenye ukuta wa Kasulu huzaa matokeo ya kushangaza. Soketi moja ya kawaida hulishwa kwa nyaya za milimita za mraba 2.5, na kwa kuwa umeme hupita hapo kwenda soketi inayofuata, nyaya za moto, yaani za kuleta umeme, huwa mbili, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka, na za nyutro, yaani za kurudishia umeme, huwa mbili vilevile. Kwa kuhesabu Kimarekani hizo ni nne, ethi zote ni moja, soketi ni mbili, jumla saba. Unene wa milimita za mraba 2.5 uko katikati ya saizi mbili za Kimarekani, ile ndogo ikipewa sentimita za ujazo zipatazo 33 kwa kila waya na ile kubwa 37, kwa hiyo nafasi inayotakiwa ni kati ya sentimita za ujazo 230 na 258. Boksi la Kiingereza la soketi moja, lenye upana wa ndani wa karibu sentimita 7 kila upande, lina sentimita za ujazo zipatazo 122 likiwa na kina cha milimita 25, zipatazo 171 likiwa na kina cha 35, na zipatazo 230 likiwa na kina cha 47. Kwa maneno mengine, boksi lenye kina kirefu kuliko yote linagusa kiwango cha chini, na lile la milimita 25 linatoa karibu nusu tu ya nafasi inayotakiwa.

Haifai kuhitimisha kutokana na hesabu hiyo kwamba Waingereza walikosea na Wamarekani wakapatia. Fundi wa Marekani huziungia nyaya zake ndani ya boksi kwa kuzisokota na kuzivika kofia, tena analazimika kuacha urefu wa sentimita zipatazo 15 wa kila waya kwa ajili ya marekebisho ya baadaye, na mambo hayo mawili hula nafasi. Fundi aliyefunzwa Kiingereza huziingiza ncha za nyaya moja kwa moja katika matundu yaliyo mgongoni mwa soketi na kuzibana kwa skrubu. Mfumo wa Kiingereza unahitaji nafasi ndogo ilimradi mkono ulioufunga uwe wa mtu aliyefundishwa vizuri na aliyepewa muda. Sharti hilo ni zito, na katika nchi ambayo mfumo ulirithiwa bila chuo cha kutosha cha kuufundisha ndilo lililoamua mambo mengi.

Baada ya uhuru serikali ilinunua hisa za kampuni zote mbili kuanzia mwaka 1964, na jina la Shirika la Umeme Tanzania likachukua nafasi ya lile la Tanganyika mwaka 1968, lakini nyanda za juu za Kigoma ziliendelea kungoja. Umeme uliokuwapo ulikuwa wa visiwa: jenereta ya misheni, ya hospitali, ya shule, ya ofisi ya serikali, kila moja ikilisha majengo yaliyoizunguka kwa saa chache za usiku. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1993, mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi yalipoleta wakimbizi kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo, visiwa hivyo viliongezeka kwa ghafla, kwa sababu Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika yaliyofuatana nalo yalifungua ofisi Kasulu na Kibondo zenye kompyuta, redio za mawasiliano na majokofu ya chanjo. Majengo ya namna hiyo yalimtaka fundi afunge soketi nyingi katika chumba kimoja, kazi ambayo nyumba ya kawaida ya Muha haikuwa imewahi kuidai, na vijana waliobeba ngazi na koili za waya katika kazi hizo walipata pale darasa ambalo vyuo vichache vya wilaya hizo visingeweza kulitoa peke yake.

Nyumba ya kawaida ilikuwa imeshabadilika kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, kabla zoezi hilo halijawa la lazima nchi nzima mwaka uliofuata. Watu waliokuwa wamekaa kwa kutawanyika vilimani walipangwa kando ya barabara, na wakati nguzo za umeme zilipokuja, miongo kadhaa baadaye, nazo zilifuata barabara, hivi kwamba ramani ya nani angepata umeme mapema ilikuwa imechorwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakuwa wakiufikiria umeme. Katika vijiji hivyo msonge uliendelea kupotea na nafasi yake kuchukuliwa na nyumba ya pembe nne, kwanza ya matofali mabichi, kisha ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa tanuru na kuokwa kwa kuni karibu na mahali pa kujengea, na juu yake bati.

Ukuta huo wa tofali ndio uliokuja kulikaribisha boksi, na tabia zake ndizo zilizoamua saizi yake. Ukuta wa ndani kwa kawaida una unene wa tofali moja, sentimita zipatazo 10 hadi 12 kabla ya plasta. Fundi umeme huja baada ya mwashi kufikisha kuta kwenye linta, hali nyumba haijapigwa plasta, akiwa na tindo na nyundo. Huchora mstari kwa chaki au mkaa kutoka darini hadi usawa wa swichi, huchimba mfereji wa kulaza bomba, kisha huchimba shimo la mraba la boksi. Tofali lililookwa vizuri hukatika likiacha kingo safi. Lililookwa nusu, lile la pembezoni mwa tanuru lenye rangi ya udongo, humeguka vipande, na shimo la milimita 47 huweza kutokea upande wa pili wa ukuta katika chumba cha jirani. Maboksi mawili ya kina hicho yakiwekwa mgongo kwa mgongo katika ukuta wa sentimita 10 huacha kati yao milimita 6 tu za tofali, kama yameingizwa yote ndani ya tofali, na ndiyo sababu fundi mzoefu huyapisha, au huyatoa kidogo nje ili plasta yenye unene wa sentimita moja au moja na nusu ije kuyafikia usawa. Boksi likikaa, hushikizwa kwa simenti na kujazwa karatasi za mfuko wa simenti ili mpiga plasta asilizibe. Kazi yote hiyo ni rahisi zaidi kwa boksi fupi, bei ya boksi fupi ni nafuu, na mwenye nyumba, ambaye kwa wakati huo anawazia taa moja sebuleni na mahali pa kuchajia simu, haoni sababu ya kulipia kina asichokijua kazi yake.

Kwa matumizi hayo alikuwa sahihi. Taa ya wati 10 kwenye umeme wa volti 230 haivuti hata sehemu ya kumi ya ampea moja, na nyaya zake mbili nyembamba hukaa kwa raha hata ndani ya boksi la milimita 16. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na miradi yake ilishusha gharama ya mteja wa kijijini kuunganishwa hadi shilingi 27,000. Kikwazo kilichobaki kikawa ni nyaya za ndani ya nyumba, ambazo gharama yake ilizidi mara nyingi ile ya kuunganishwa. Jibu la wakala lilikuwa kifaa kilichoitwa UMETA, kifupi cha Umeme Tayari, yaani kibao kilichokwisha kufungwa kiwandani kikiwa na kinga ya kukata umeme unapozidi, swichi, soketi na mahali pa taa, kinachopigiliwa ukutani katika nyumba ya chumba kimoja au viwili bila kuchimba tofali wala kulaza bomba. Wapo waliokidharau kuwa ni umeme wa maskini. Kwa kipimo cha usalama wa maungio, dharau hiyo haikuwa na msingi: nyaya za ndani ya UMETA zilipangwa na mtu aliyejua idadi yake kamili na akatengeneza kasha la kuzitosha, faida ambayo nyumba nyingi kubwa za mjini hazikuipata.

Oktoba 2022 Kigoma, uliokuwa miongoni mwa mikoa ya mwisho nje ya Gridi ya Taifa, uliunganishwa kupitia kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, kwa njia inayoshuka kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu, na jenereta za dizeli zilizokuwa zikilisha miji hiyo zikazimwa. Wakati wa jenereta mgao na uchache wa umeme wenyewe ulikuwa kinga ya aina fulani, kwa kuwa watu wachache walithubutu kuununulia vyombo vikubwa. Umeme wa uhakika ulileta pasi, birika la umeme, jokofu, mashine ya kuchomelea vyuma na saluni yenye vikaushia nywele vitatu, na vyote hivyo vikachomekwa katika soketi zilizofungwa kwa ajili ya simu.

Kinachotokea hapo kinaelezeka kwa hesabu ndogo. Joto katika ungio la waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kuzidisha kwa ukinzani wa ungio, yaani kiasi ambacho ungio hilo linauzuia umeme kupita. Skrubu iliyolegea ikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohm, taa ya wati 10 haitaiamsha kabisa. Lakini ampea 10 zikipita hapo joto litakuwa wati 10, zikitoka katika ncha ndogo kuliko punje ya mahindi, ndani ya kikasha kilichozibwa na tofali pande tano. Ganda la plastiki la nyaya za kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Likipita hapo kwa muda mrefu hukauka na kuvunjika, na pale ambapo nyaya zimebanana waya wa moto na wa nyutro hugusana bila kizuizi. Ubanano husababisha pia ule ulegevu wa mwanzo, kwa sababu waya uliokunjwa kwa nguvu hufanya kazi ya springi: soketi inaposukumwa ndani na kufungwa, waya unaendelea kuivuta skrubu kwa miaka, na kila mara plagi inapochomekwa na kuchomolewa huivuta kidogo zaidi. Ongezeko la matumizi huja pia na ongezeko la nyaya, kwani mwenye nyumba anayetaka soketi ya jokofu jikoni kwa kawaida hupewa tawi kutoka soketi iliyo karibu, na boksi la milimita 25 lililokwisha kubeba nyaya nne na ethi zake hupokea mbili nyingine na ethi yake, pengine pamoja na konekta, kile kipande cha plastiki chenye skrubu za kuungia nyaya.

Sheria inalijua tatizo hili kwa jumla. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliiweka kazi ya kufunga umeme majumbani chini ya leseni zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kwa madaraja kulingana na ujuzi, na mteja hawezi kuunganishwa bila fomu iliyojazwa na mkandarasi mwenye leseni. Ukaguzi wa wakati wa kuunganisha hutazama mambo yanayopimika, kama ethi, kinga na uzima wa ganda la nyaya. Boksi huwa limeshafunikwa. Soketi ya nyongeza inayofungwa miaka mitatu baadaye haina fomu wala mkaguzi. Lawama kwa kawaida humwangukia fundi wa mtaani, na wapo wanaoistahili, lakini mtu aliyejifunza kazi kwa kubeba ngazi ya mwingine hajawahi kupewa hesabu ya nafasi ya boksi, kwa sababu mfumo aliorithishwa haukuwa nayo. Kanuni ya kuhesabu ujazo, hata kama ingepunguzwa makali ili ilingane na soketi za Kiingereza, ingefaa kufundishwa Tanzania kuliko pengine popote, kwa kuwa ni kanuni inayomtaka fundi ajue kuhesabu hadi kumi, na haimtaki awe na miaka ishirini ya uzoefu.

Boksi lililokwisha kupigiwa plasta haliongezeki kina. Linaweza kubomolewa pamoja na tofali lake, au kubandikiwa juu yake boksi la plastiki linalotokeza nje ya ukuta, dawa isiyopendeza macho lakini inayotoa nafasi halali. Njia ya tatu ni kuacha kulitoa tawi hapo na kuvuta waya mpya kutoka kwenye kinga. Anayejenga sasa Kibondo au Kasulu, hata kama mfuko wake unamruhusu taa mbili tu mwaka huu, na amwambie fundi aweke maboksi ya milimita 35 kwa swichi na 47 kwa soketi, tena amwambie wiki ile tofali lingali wazi, kabla mwashi hajakoroga plasta.